Kaka anapasua sahani halafu analia, ni ubongo au tabia?

SWALI: Shikamoo daktari. Niko Morogoro, naishi na kaka yangu na mwanae wa miaka 6. Kaka sio mtu mbaya ila akikasirika anabadilika ghafla, juzi mboga ilipungua chumvi akarusha sahani ukutani, na ashanipiga mara mbili, halafu dakika kumi baadae unamkuta kachuchumaa anaokota vipande huku analia. Marehemu baba alikuwa hivyohivyo. Jirani yetu ni nesi anasema ni kemikali za ubongo. Ni kweli? Na huyu mtoto je?

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana. Nesi hajakosea ila hajamaliza. Kwenye ubongo kuna kemikali inaitwa serotonini, inasaidia ile sehemu ya nyuma ya paji la uso kushika breki hasira ikipanda. Mwaka 1983 watafiti wa Finland walipima maji ya uti wa mgongo ya watu waliofanya ukatili, waliofanya ghafla bila kupanga wakakutwa na mabaki ya serotonini kidogo kuliko wale waliopanga. Kaka yako kwa unavyomweleza hapangi, na yale machozi naamini ni ya kweli.

Sasa hili la kurithi nataka ulisome taratibu. Mwaka 1993 iliandikwa habari ya ukoo mmoja Uholanzi ambao baadhi ya wanaume wake walikosa kabisa kimeng'enya kinachoitwa MAOA, kinachovunjavunja serotonini na wenzake, mmoja wao aliambiwa na bosi kazi yake hairidhishi akataka kumgonga na gari. Lakini jeni inayotengeneza kimeng'enya hicho inakaa kwenye kromosomu X, na mtoto wa kiume X yake anaipata kwa mama tu. Kwa hiyo baba yenu hakumpa kaka kwa njia hiyo, wala kaka hawezi kumpa mwanae kama ni wa kiume. Huenda baba alimpa jeni nyingine, ila pia alimpa kile alichokiona nyumbani kila siku.

Na hapo ndo penye uzito. Kule Dunedin, New Zealand, walifuatilia watoto toka wakiwa wadogo, mwaka 2002 wakatoa majibu: wavulana wenye MAOA dhaifu walioteswa utotoni ndo walizidi sana kwa ukatili ukubwani, wenye jeni ileile waliolelewa vizuri hawakuwa hivyo.

Kaka aende kliniki ya afya ya akili hospitali ya rufaa, aeleze ukweli wote, pombe kama anakunywa, kama aliwahi kuumia kichwa, kama ana sonona, maana vyote hivyo vinalegeza breki na zipo dawa zinazosaidia baadhi ya watu. Ila wewe usisubiri dawa ifanye kazi, akinyanyua mkono tena toka humo ndani na mtoto, nenda dawati la jinsia na watoto pale polisi, huko sio kumsaliti ndugu yako.

Hujaniambia mtoto alikuwa wapi sahani ilipopasuka. Naomba uniandikie tena hilo.