Kaa Kwanza Kwenye Kiti cha Mgeni

Kila nikikutana na mtu aliyeacha ajira juzi juzi akaanza kujitegemea, swali hili halikosi: nijiunge na kile kikundi cha wafanyabiashara kinachokutana kila wiki kupeana wateja, au ni kupoteza muda? Mimi ni mtunza hesabu niliyejiajiri. Nimepita vikundi viwili. Kimoja nilikiacha, kingine nipo mpaka leo. Jibu langu ni kwamba inategemea nani anakutana na mteja wako kabla yako. Kama watu wa namna hiyo wamo kwenye kikundi, lipa ada. Kama hawamo, basi hata wawe waungwana kiasi gani, utakuwa umejiunga na kijiwe cha maongezi chenye ada.

Mtindo wenyewe si wa jana. Tarehe 23 Februari 1905, mwanasheria Paul Harris alikutana na wenzake watatu mjini Chicago: mfanyabiashara wa makaa ya mawe, mhandisi wa migodi na fundi wa nguo. Wakawa wanakutana kwa zamu kwenye ofisi za wanachama, na zamu hizo ndizo zilizozaa jina la klabu yao, Rotary, neno la Kiingereza lenye maana ya kuzunguka. Siku hizo za mwanzo walipokea mtu mmoja kwa kila kazi, na kupeana biashara lilikuwa jambo la wazi kabisa. Huduma kwa jamii ilikuja kushika nafasi ya mbele baadaye. Mwaka 1985 Ivan Misner akaanzisha BNI, mtandao wa vikundi vya wafanyabiashara, kule California kwa kanuni ileile ya mtu mmoja kwa kila kazi. Humo mnakutana kila wiki, kila mtu anajieleza kwa muda mfupi uliopimwa, na inahesabiwa mbele ya wote nani kamletea nani mteja. Vikundi vingi utakavyokutana navyo, vyenye jina kubwa na visivyo na jina, vimekopa kitu kutoka hapo.

Kanuni hiyo ya kiti kimoja kwa kila kazi inakulinda, lakini angalia mipaka ya kiti chenyewe imechorwaje. Kwenye kikundi changu cha kwanza nilipewa kiti cha "hesabu", nikafurahi. Baada ya wiki tatu nikagundua ushauri wa kodi ni kiti cha mtu mwingine, na malipo ya mishahara ni cha mwingine tena. Nikabaki na kuandika mapato na matumizi, kazi ambayo hakuna mtu anayeitafuta kwa jina hilo. Uliza mapema, na majibu yake uyapate kwa maandishi.

Kosa langu kubwa zaidi lilikuwa mdomoni mwangu. Zamu yangu ya kujieleza ilipofika nilisimama nikasema natoa huduma bora za hesabu kwa biashara za aina zote, ndogo na kubwa. Watu wakatikisa vichwa kwa adabu. Hakuna aliyeshika kalamu. Aliyenifuata alikuwa fundi wa kabati. Yeye hakusema lolote kuhusu ubora wa mbao zake. Alisema: "Wiki hii mkisikia mtu anasema amehamia nyumba mpya na nguo bado ziko kwenye maboksi, nipigieni mkiwa bado naye." Niliona watu watatu wakiandika. Sababu ni kwamba aliwapa sentensi ya kutegea sikio. Mimi niliwapa tangazo.

Usiku ule nilikaa nikawaza mteja wangu hulalamika nini kabla hajajua kwamba anahitaji mtu kama mimi. Hasemi "natafuta mtunza hesabu". Husema "nauza sana lakini sijui pesa zinakwenda wapi", au unamkuta ofisini ana droo iliyojaa risiti mpaka haifungi. Wiki iliyofuata nikasema hayo mawili tu, nikakaa. Mwenye kiwanda kidogo cha uchapaji akanifuata mwisho wa kikao akasema droo hiyo anaijua, ameiona kwa mtu wiki hiyohiyo.

Huyo mchapaji ndiye aliyenifundisha ninachokuambia hapa. Mtu anapofungua biashara, karibu kitu cha kwanza anachofanya ni kuchapa vitabu vya risiti, vibao na kadi. Kwa hiyo mchapaji anamwona mapema, akiwa bado hajaharibu hesabu zake. Mwanasheria anayesajili kampuni naye yuko hapohapo. Lakini kikundini tulikuwa pia na mpiga picha za harusi, mwalimu wa mazoezi ya viungo na muuza vipodozi, watu wazuri sana ambao katika mwaka mzima hawakukutana na mtu yeyote mwenye shida yangu, wala mimi ya kwao. Mpiga picha yuleyule akikaa na mshona magauni, mpambaji na mwenye ukumbi, kikundi cha namna hiyo kinamlisha. Kabla ya kuuliza kama kikundi ni kizuri, chukua karatasi uandike mteja wako hupita kwa nani na nani kabla ya kukufikia. Ukikuta watatu au wanne wa orodha hiyo wamo ndani, una sababu ya kuendelea.

Sasa gharama. Watu huangalia ada, na ada kwa kweli ndiyo sehemu ndogo. Kikao cha saa moja na nusu, ongeza saa moja ya kwenda na kurudi, ongeza saa nyingine ya kukutana na mwanachama mmoja mmoja ili mfahamiane, maana bila hiyo kikundi hakifanyi kazi. Hizo ni saa tatu na nusu kwa wiki. Kwa wiki 48 ni saa 168, zaidi ya wiki nne kamili za kazi kwa mwaka ukihesabu saa 40 kwa wiki. Zidisha na unachotoza kwa saa. Namba itakayotoka ndiyo ada yako halisi, na ukiiangalia vizuri utaacha kusema "nijaribu tu".

Halafu kuna suala la kuhesabu ulichopata. Vikundi hupenda kutangaza wanachama wamepeana wateja wangapi, na humo ndani kila kitu huitwa mteja. Kupewa namba ya simu ya mtu asiyejua kwamba utampigia ni kupewa kazi ya kubisha hodi. Kinachofaa ni mtu aliyekwisha ambiwa habari zako, akakubali umpigie, na anangoja. Mimi nina daftari lenye tarehe, aliyemleta, kama mteja alikuwa ananitarajia, na pesa iliyoingia mwishoni. Safu ya tano niliiongeza baadaye: mteja huyo kaleta nani. Bila safu hiyo ningeacha mapema, kwa sababu miezi sita ya kwanza nilikuwa na wateja wawili tu, wote wadogo. Mmoja wao ndiye aliyeniletea kazi kubwa kuliko zote nilizofanya mwaka ule, na yeye hata kwenye kikundi hakuwemo.

Jambo hilo halikuwa bahati. Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani Mark Granovetter aliandika kuhusu nguvu ya mahusiano yasiyo ya karibu. Alipochunguza watu waliopata kazi kupitia mtu wanayemfahamu, aliona kwamba wengi walisaidiwa na mtu wanayekutana naye mara mojamoja tu. Waliosaidiwa na mtu wanayeonana naye angalau mara mbili kwa wiki walikuwa wachache, kama asilimia 17. Maana yake ni rahisi: rafiki yako wa karibu anajua unachojua na anawajua unaowajua. Mtu wa mbali anatoka kwenye duara jingine. Nikilipeleka hilo kwenye vikundi vyetu, linaeleza kitu kilichonisumbua sana. Nusu ya pili ya mwaka wa kwanza wateja walitiririka, mwaka wa pili wakapungua, wakati tulikuwa tumependana zaidi. Tulikuwa tumekwisha kunyonya duara lote, wote tunawajua walewale. Kikundi kisichoingiza sura mpya hugeuka kuwa familia, na familia ni kitu kizuri, ila haihitaji ada ya mwaka.

Kuna hasara moja ambayo hakuna anayekutajia siku ya kwanza. Kikundi changu cha kwanza kilikuwa na kawaida ya kila mmoja kuleta jina angalau moja kwa wiki. Wiki moja sikuwa na kitu, nikaona aibu, nikamuunganisha mteja wangu wa miaka mingi na mwanachama ambaye kazi yake sikuwahi kuiona kwa macho. Kazi ilichelewa miezi miwili, simu hazipokelewi. Mteja hakumlaumu yule bwana hata kidogo. Alinilaumu mimi, na hesabu zake za mwaka ule akampelekea mtu mwingine. Tangu siku hiyo simtaji mtu ambaye sijaona kazi yake au sijazungumza na mteja wake mmoja, na zamu yangu ikifika nikiwa mikono mitupu nasema wazi kwamba wiki hii sina. Mara ya kwanza ilikuwa ngumu. Ya pili wakazoea. Na kama mtu anakuahidi kamisheni kwa kumpelekea mteja, mwambie mteja kabla hajaamua. Akija kujua baadaye, imani yenu imekwisha.

Upande wa pili, kuna faida ambayo haimo kwenye daftari langu. Kujiajiri ni upweke. Huna bosi, lakini pia huna wa kumuuliza. Siku moja kikundini nilitaja ninachotoza kwa mwezi, na yule mwanasheria akacheka, si kwa dharau, kwa mshangao. Akaniambia wateja anaowatuma kwangu huwa wanamuuliza kama kuna tatizo, bei ipo chini mno. Mwezi uliofuata nikaipandisha. Hakuna aliyeondoka. Sijui niiandike kwenye safu gani, ila peke yake ililipa ada yangu.

Kama wateja wako ni mashirika makubwa yanayotoa kazi kwa zabuni, au wako nchi nyingine, au ratiba yako imejaa tayari, sikushauri. Na kama ndiyo kwanza unaanza na huna hata kazi tatu za kuonyesha, zifanye kwanza. Wanachama watakutaja mara moja, ukiwaangusha hawatakutaja tena.

Kwa wengine wote: nenda kama mgeni. Vikundi vingi huruhusu mara moja au mbili bila malipo. Usiende kugawa kadi. Sikiliza kipindi cha kupeana wateja, uone kama watu wanasema "nilikutana na fulani, ana shida hii, anasubiri simu yako kesho", au wanasoma majina kama wanaita mahudhurio. Uliza wangapi wameondoka mwaka uliopita, na wangapi wako hapo zaidi ya miaka mitatu. Mtafute aliyenyamaza muda wote, umuulize akiwa peke yake amepata nini. Wakikubana usaini siku hiyohiyo kwa sababu kiti chako kuna mwingine anakitaka, mwachie huyo mwingine.

Ukijiunga, weka tarehe ya kutathmini kwenye kalenda, mwezi mmoja kabla ada haijaisha, siyo siku ya kulipa. Mimi siku hiyo nilikaa na daftari, nikaona majina manne tu ndiyo yanajirudia kwenye safu ya aliyemleta: mchapaji, mwanasheria, fundi wa kabati, na dada mmoja wakala wa bima. Sikulipa ada. Niliwapigia wote wanne nikawaomba tuwe tunakutana mara moja kwa mwezi, na kila mara mmoja wetu aje na mtu ambaye wengine hatumjui. Hicho ndicho kikundi changu cha pili.