Kabla hujapanda ile treni ya Abu Dhabi

Wapwa zangu wawili wanaondoka mwezi ujao kumfuata mama yao Abu Dhabi. Juzi tumekaa barazani hapa Ngamiani, kahawa mkononi, yule mkubwa akaniuliza: "Mjomba, ile treni ya Ferrari nipande nisipande?" Nikamwambia panda, lakini nisikilize kwanza. Na kwa kuwa si yeye peke yake anayeniuliza, nayaandika hapa.

Inaitwa Formula Rossa. Ni rolakosta, yaani treni ya burudani inayokimbia kwenye reli za kupanda na kushuka. Iko Ferrari World, bustani ya michezo yenye jina la yale magari, kisiwani Yas, na ilifunguliwa 2010. Rolakosta nyingi hukuvuta juu polepole kwa mnyororo, ta-ta-ta-ta, ukapata wasaa wa kupiga shahada. Hii hakuna. Hii ni manati. Mafuta ya haidroliki yaliyogandamizwa huzungusha winchi, winchi huvuta waya, na waya ndio unaoondoka na treni. Winchi kama za bandarini kwetu, ila yenye wazimu: kutoka kusimama hadi kilomita 240 kwa saa kwa sekunde 4.9. Kwa mwendo huo, Tanga mpaka Pangani ni dakika kumi na kitu, chai haijapoa.

Basi kinachokupata si urefu, ingawa kuna mlima wa mita 52 mbele yako. Ni ule mchomoko. Mimi nilipoona treni imetulia kimya, nikainama kidogo nichungulie reli. Ndipo ikaondoka. Kichwa kilirudi nyuma, pu! kwenye kiti, na shingo ikanikaza siku tatu. Dada alinikanda kwa mafuta ya nazi ya moto huku akicheka hadi machozi. Kwa hiyo ukishafungwa tu, egemeza kisogo kitini na ukibakize hapo hapo. Usigeuke kumtazama mwenzio anavyopiga kelele. Kelele zake utazisikia.

Tumbo nalo. Nilitoka kwa dada nimeshiba biriani, maana kwake huwezi kukataa sahani ya pili. Sikutapika, lakini kule juu ya mlima, mwili unaponyanyuka kitini, biriani lilikuja mpaka kooni likanisalimia. Kula kitu chepesi, tena saa mbili kabla ya kupanda.

Watakupa miwani ya kukinga macho. Usiione mapambo: reli iko nje, kwenye upepo wa jangwani, na chembe ya mchanga kwa kasi ile si mchezo. Kofia, simu na ndala viache chini. Dada alipanda na hijabu ya kubana, ncha zote kazichomeka ndani ya blauzi, akashuka nayo salama kuliko mimi na shingo yangu. Siti ya mbele watu huigombea. Mara ya kwanza kaa katikati. Na mwenye presha, mgonjwa wa moyo au mja mzito abaki chini ashike mikoba, asione haya.

Yote yanaisha kwa kama dakika moja na nusu. Foleni ni ndefu kuliko safari.

Yule mdogo naye anataka. Nilipokwenda mimi, kipimo kilikuwa sentimita 140, basi nikamsimamisha kwenye fremu ya mlango na penseli: 136. Tangu juzi kila akipita pale anasimama, ananyoosha shingo, halafu ananiita nikatazame tena.