Nimefuta Instagram, WhatsApp nimebaki nayo

Nauza dagaa soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, na simu ndiyo duka langu la pili. Kwa hiyo mtu akiniambia nifute mitandao yote nipate amani, namuuliza: wateja wangu wa Kahama nitawapataje?

Lakini najua kinachomsumbua. Asubuhi moja mwezi wa tatu nilianika ndoo 18 za dagaa kwenye chanja, nikakaa pembeni niangalie Instagram kidogo. Video moja, ya pili, harusi ya mtu nisiyemjua. Kuinua macho, wingu la ziwani limeshafika, jirani yangu anamalizia kufunga turubai lake. Nilikimbia, nikawahi nusu. Waliolowa walilainika, kesho yake wakaanza kunuka, nikawatoa kwa bei ya chakula cha kuku. "Dada, nimekuita mpaka sauti imenikauka," jirani akaniambia. Kauli hiyo iliniuma kuliko hasara.

Usijilaumu kwamba huna nidhamu. Ule ukurasa usiofika mwisho ulibuniwa mwaka 2006 na Mmarekani Aza Raskin, na mwenyewe ameshasema hadharani kwamba anajuta. Gazeti ukilisoma linaisha. Huku mwisho unatakiwa uuweke wewe, tena ukiwa umechoka.

Mimi nilijipima wakati wa mbalamwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mkubwa hawaifuati taa vizuri, mitumbwi inapumzika, nasi sokoni tunakaa. Hizo ndizo siku nilizokuwa nikizama kwenye simu kuliko zote. Nikaondoa programu za Instagram na TikTok, akaunti nikaziacha, kisha nikawa naandika kwenye daftari kila aliyenitafuta na njia aliyopitia. Instagram hakunitafuta mtu. WhatsApp zilikuja oda tatu, na taarifa ya msiba wa Ukerewe kupitia kikundi cha ukoo. Ningeukosa msiba ule, ningeuweka wapi uso wangu? Basi WhatsApp ikabaki, vikundi nikavinyamazisha isipokuwa hicho.

Kama wewe ni mshonaji au mpambaji na wateja wanakuja kwa picha zako, usiniige. Angalia walionunua mwezi uliopita walitokea wapi, ndipo uamue. Na kabla ya kufuta, hamisha namba za wateja na pakua picha zako. Instagram inakupa siku 30 tangu uombe kufutiwa. Ukiingia kabla hazijaisha unaweza kuirudisha akaunti, zikiisha imekwenda.

Yangu niliomba ifutwe mwezi wa sita. Siku ya 12 nilitamani sana kurudi. Nilikuwa nasubiri kivuko Kamanga, mikono haina kazi. Nikampigia dada yangu. Tulikuwa hatujaongea tangu Pasaka, na kivuko kilipotia nanga bado alikuwa ananisimulia habari za shamba la mpunga.