Nikichomeka flashi, RAM itaongezeka?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina kompyuta ya mezani ya mtumba, Windows 7, RAM GB 1. Natungia mitihani na kuwekea hesabu za kikoba chetu. Nikifungua Word na Excel pamoja inaganda. Naenda kubandika chai, narudi bado. Kijana wangu anasema nikichomeka flashi ya GB 8, RAM itakuwa GB 9. Ni kweli? Na ikichomolewa ghafla, hesabu za watu hazitapotea? – Mwalimu, Muheza

JIBU: Mwalimu, za huko Muheza? Kijana hakudanganyi, ila katia chumvi. RAM yako itabaki GB 1 ileile.

RAM ni meza yako ya kusahihishia. Madaftari yakijaa, mengine unayarudisha stoo, na kila ukiyahitaji unayafuata. Stoo ni hadidiski. Ule mlio wa krr-krr unaousikia ikiganda ndio safari zenyewe. Flashi ni kigoda kando ya meza. Haina kitu kinachozunguka, kwa hiyo vipande vidogovidogo inavichomoa upesi kuliko diski. Mafaili makubwa, diski bado inaishinda.

Kazi hiyo inaitwa ReadyBoost, ilikuja na Windows Vista mwaka 2007. Chomeka flashi, ingia Computer, bofya kulia juu ya flashi, chagua Properties kisha ReadyBoost. Kama imeumbizwa (format) kwa FAT32, yaani mtindo wa zamani wa kupanga mafaili, haitakupa zaidi ya GB 4, na kwako zinatosha kabisa. Windows huipima kasi kwanza na zile za polepole huzikataa. Mimi niliwahi kununua flashi ya bei ya kutupa kwenye meza ya barabarani, imeandikwa GB 64 kwa maandishi ya dhahabu. Ikakataliwa palepale, nikaona aibu mbele ya mteja.

Kuhusu kuchomoa, usiwe na hofu. Kinachowekwa humo ni nakala tu, asili iko kwenye diski, na nakala hiyo imefichwa kwa msimbo, hata mtu akiiiba flashi hasomi mitihani yako. Kinachopotea ni kile ambacho hukukihifadhi mwenyewe, na hapo flashi haina kosa.

Je, utaona tofauti? Kwa GB 1, ndiyo, kidogo. Nilijaribu kwenye mashine ya GB 4 sikuona kitu. Na ukifunga SSD, yaani diski ya kisasa isiyo na kitu kinachozunguka, Windows itakuambia haihitaji msaada huo.

Kwa hiyo flashi itumie wiki hii, mitihani ipite. Kikoba kikivunjwa, nunua RAM. Usimtume kijana mikono mitupu: RAM zina aina, na DDR2 na DDR3 hazivaliani, pengo la chini haliko mahali pamoja. Zima umeme, ing'oe ya zamani, aende nayo dukani.