Kwa mnaoanza kulinganisha kanisa la mwanzo na makanisa yetu

Wengi mnaojiunga na masomo ya jioni ya historia ya kanisa hapa Nairobi huja na Matendo 2 mkononi. Waumini wanauza mali, wanagawana, wanamega mkate nyumba kwa nyumba. Halafu mnalitazama kanisa la mtaani kwenu, spika zikitikisa mabati na namba ya paybill ukutani, na hukumu imeshatoka. Nawasihi msianze hivyo. Nimefundisha somo hili kwa miaka mingi, na kazi dhaifu kuliko zote ninazosahihisha ni zile zinazouchukua ukurasa mzuri zaidi wa karne ya kwanza na kuushindanisha na mhubiri mbaya zaidi wa karne hii.

Someni kurasa chache mbele. Katika Matendo 5 Anania na Safira wanadanganya kuhusu bei ya kiwanja. Katika Matendo 6 wajane wanaosema Kiyunani wanasahauliwa kwenye mgao wa kila siku, manung'uniko yanazuka, na watu 7 wanachaguliwa kusimamia huduma. Aliyewahi kukaa kwenye kikao cha kanisa Nairobi kikijadili ibada iwe ya Kiswahili, ya Kiingereza au ya lugha ya mama, anayaelewa manung'uniko hayo bila kufafanuliwa. Korintho hali ilikuwa mbaya zaidi: kwenye chakula cha Bwana huyu ana njaa, yule amelewa, na Paulo anawakemea waziwazi kwa kuwaaibisha wasio na kitu.

Jambo lingine: andikeni mji na mwaka. Kutoka nyaraka za Paulo hadi 313, watawala wa Roma Konstantino na Likinio walipoafikiana Milano kuwapa Wakristo uhuru wa kuabudu, ni zaidi ya miaka 250. Mkiandika tu "kanisa la mwanzo lilifanya hivi", nitawauliza ni lipi. Kadhalika "kanisa la leo": basilika ya katikati ya jiji na kundi linalokodi darasa la shule ya msingi kule Kayole haviwezi kuingia sentensi moja.

Mkitaka ulinganisho wenye uzito, fuateni sadaka. Hapa ndipo ushahidi ni mwingi, na hapa ndipo naona tofauti inayouma. Yustino Mfiadini, mwalimu Mkristo aliyeandika Roma karibu na mwaka 155, anaeleza ibada ya Jumapili: maandiko yanasomwa kadiri muda unavyoruhusu, msimamizi anafundisha, watu wanasali, mkate na divai vinagawiwa, na mashemasi wanawapelekea wasiokuwepo. Wenye uwezo wanatoa kwa hiari yao. Kinachokusanywa anakabidhiwa msimamizi, naye anawasaidia yatima, wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni. Kufikia 251 Kornelio, askofu wa Roma, anaandika kwamba kanisa lake linawatunza wajane na maskini zaidi ya 1,500. Sasa ulizeni swali hilohilo hapa kwetu: katika sadaka ya Jumapili, ni shilingi ngapi zinamfikia mjane, na ngapi zinaishia kwenye ukuta na vyombo vya muziki? Kwa maoni yangu, makanisa yetu mengi hayawezi kulijibu mbele ya Yustino bila kuinamisha kichwa.

Lakini msiishie madhabahuni, maana mtawaonea watu. Tertuliano, mwandishi Mkristo wa Karthago, Afrika Kaskazini, karibu na mwaka 197, anasema fedha za waumini zililisha na kuzika maskini. Tazameni basi kamati ya mazishi hapa Nairobi: waumini wanakutana kila jioni wachange hela za mochari, jeneza na gari la kumsafirisha marehemu nyumbani. Ingieni pia kwenye jumuiya ndogo ndogo za Wakatoliki, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizisisitiza tangu miaka ya 1970, au kwenye ushirika wa nyumbani wa makanisa mengine. Michango hiyo mara nyingi haipiti kwenye hesabu za Jumapili, na ndiyo inayofanana zaidi na Karthago.

Kuhusu wahubiri wanaodai "mbegu", yaani sadaka ya kupanda ili uvune baraka, someni Didache, mwongozo mfupi wa kale sana. Unasema mtume anayesafiri akikaa siku 3 ni nabii wa uongo, na akiomba fedha vilevile. Msiutumie kumnyima mchungaji mshahara, kwani mwongozo huohuo unaagiza nabii wa kweli apewe malimbuko, na Paulo katika 1 Wakorintho 9 anatetea haki ya mhubiri kuishi kwa Injili.

Suala la wanawake lina kozi yake; kwa sasa someni Warumi 16 kuhusu Fibi, mhudumu wa kanisa, na barua ya Plinio, gavana wa Kirumi, kwa Kaisari Trajano, karibu na mwaka 112, inayowataja wajakazi 2 walioitwa wahudumu wa kanisa.

Kabla ya kuandika, nendeni kwa mhazini wa kanisa mnalolichunguza mkiwa na barua ya utambulisho. Mwombeni kwa heshima awaonyeshe matumizi ya sadaka ya mwezi mmoja, kisha kaeni na mwenyekiti wa kamati ya mazishi mmuulize walichangisha kiasi gani mwezi huohuo. Yawekeni yote mawili kando ya orodha ya Yustino, ndipo mfungue daftari.