Je, programu husimulia uwanja wa umeme?

SWALI: Ninaandika tasnifu ya uhandisi kwa Kiswahili. Sentensi yangu moja inasema: "Programu ilisimulia uwanja wa umeme kati ya mabamba mawili kwa njia ya elementi finiti, kisha meshi ikaboreshwa." Mwenzangu aliposoma alicheka, akaniambia programu haijui hadithi. Nimekosea wapi? Na je, niandike "uwanja" au "uga"?

JIBU: Mwenzako ana haki ya kucheka, ingawa si wewe wa kwanza kunaswa hapo. Kusimulia ni kueleza habari ya jambo lililotokea, na simulizi ni hadithi. Neno la kigeni unalolikumbuka, "simulate" la Kiingereza, limefanana nalo kwa sauti tu. Maana zake hazikutani popote. Wapo wanaoandika "simulesheni". Silipendi, lakini angalau halidanganyi: msomaji analiona kuwa geni, basi anauliza. "Simulizi" linampotosha huku likimchekea.

Kitenzi chetu ni kuiga, na kazi yenyewe ni uigaji. Usikimbilie kuigiza, maana uigizaji tayari una wenyewe jukwaani. Hata hivyo, katika sentensi yako mimi nisingetumia hata kuiga. Tazama programu inafanya nini. Katika umeme tuli, kama huu wa mabamba yako, chaji zimetulia mahali pake; hakuna kinachobadilika kadiri muda unavyopita. Programu inapewa umbo la mabamba, volteji ya kila bamba na aina ya kihami (kitu kisichopitisha umeme) kilicho katikati, kisha inatatua mlinganyo wa Poisson, unaohusisha volteji na chaji (au wa Laplace, pasipokuwa na chaji huru), ili kupata volteji ya kila mahali. Uga unapatikana baadaye, kutokana na jinsi volteji inavyoshuka kutoka nukta moja hadi nyingine. Hiyo ni hesabu, na hesabu tunaikokotoa. Kwa hiyo ninatenganisha hivi: unaiga kifaa, unakokotoa uga wake. Kwa mfano wa kapasita, yaani kifaa cha mabamba kinachohifadhi chaji: "Tuliiga kapasita, tukakokotoa uga kati ya mabamba yake." Vitenzi viwili, na kila kimoja kinasema ukweli.

Sasa uga na uwanja. Katika umoja yote mawili yanaeleweka, na yote mawili asili yake ni mahali pa wazi. Shida ya uwanja hujitokeza kwenye wingi, na katika fani hii wingi hauepukiki: chaji mbili zikiwa karibu, kila moja ina uga wake, na ili kupata jibu unazijumlisha nyuga hizo kivekta, yaani kwa ukubwa na mwelekeo. Ukiandika "viwanja vya umeme", msomaji anawaza ardhi iliyopimwa ikasubiri nguzo. Ukiandika "nyanja za umeme", anadhani unazungumzia matawi ya taaluma. Nyuga halina mzigo huo. Isitoshe, wengi wamekwisha kulizoea katika "uga sumaku", na ndugu wawili hawa wa fizikia wafaa waitwe jina moja. Upatanisho wake: uga huu, nyuga hizi.

Hapa kuna mtego mdogo wa mpangilio wa maneno. "Uga wa umeme tuli" na "uga tuli wa umeme" si sawa. La kwanza lasema umeme ndio uliotulia. La pili lasema uga wenyewe haubadiliki. Matokeo yanakaribiana, lakini jina la fani ni lile la kwanza. Tena usiandike "mtuli" wala "kituli": neno hili halibebi viambishi, ndiyo maana twasema mtu amekaa tuli.

"Elementi finiti" ndilo linalonipa taabu zaidi. Elementi katika Kiswahili imeshikwa na kemia: hidrojeni, chuma, dhahabu. Anayesoma neno lako bila kujua fani ataona elementi za kemia zilizofika mwisho. Wazo lenyewe ni jepesi. Eneo lote hukatwa vipande vidogo, mara nyingi pembetatu, na ndani ya kila kipande volteji hukadiriwa kwa fomula rahisi. Mwanahisabati Richard Courant alitumia pembetatu kwa namna hiyo katika makala yake ya mwaka 1943. Jina linalotumika leo lilitoka kwa mhandisi Ray Clough mwaka 1960. Kinachosisitizwa katika jina hilo ni kwamba vipande si vidogo bila kikomo, kama vile vya kalkulasi. Vina ukubwa unaopimika na idadi inayohesabika. Basi andika "njia ya vipande vyenye kikomo". Ni refu, nakubali. Ukishalieleza mara moja mwanzoni, endelea na "njia ya vipande" tu.

Na meshi? Mbona tunao wavu! Vipande vikiunganishwa vinafanya wavu, pembe zake ni vifundo, na humo kwenye vifundo ndimo programu inamohifadhi thamani za volteji. Sijui kwa nini watu huandika "nodi" wakati kila wavu duniani una vifundo. "Kuboresha" nako kunaficha kilichotendeka: ulipunguza matundu ya wavu, basi sema hivyo. Neno hilo huenda likakuponza hata kitaalamu, kwa sababu wavu wa matundu madogo hauboreshi jibu kila mahali. Kwenye ncha kali kabisa ya bamba, kadiri matundu yanavyopungua ndivyo thamani ya uga inavyozidi kupanda, wala haitulii. Hapo hujaboresha chochote. Umegundua kwamba ncha uliyochora haina mviringo hata kidogo, tofauti na ncha za kweli.

Nikiiandika upya sentensi yako: "Tulikokotoa uga wa umeme kati ya mabamba mawili kwa njia ya vipande vyenye kikomo, kisha tukapunguza matundu ya wavu hadi jibu likatulia." Ongeza na kipimo, ili msomaji aweze kukukagua. Ikiwa mabamba yametengana sentimita 1 na tofauti ya volteji ni volti 1,000, uga wa katikati, mbali na kingo, uwe karibu volti 100,000 kwa mita. Hewa ya kawaida huanza kushindwa kuhami kwenye takriban volti milioni 3 kwa mita, kwa hiyo hapo hakuna cheche. Na tafadhali iwe "kwa mita", si "kwenye mita": kwenye ni mahali, nawe unataja uwiano.