Anayetoka husindikizwa

Mwanangu,

Swali lako nimelisoma mara mbili, mara ya pili kwa miwani. Unataka kujua kama Uhuru Kenyatta, akiwa rais mstaafu, ana haki ya kumkosoa Rais Ruto hadharani, au atulie nyumbani anyamaze. Mimi naona pa kuanzia ni kwingine: je, aliyeingia alimuagaje aliyetoka? Msimamo wangu umeusikia mezani tangu utotoni. Anayetoka husindikizwa. Hata mgeni aliyekukera unamfikisha langoni.

Tarehe 30 Desemba 2002 nilikuwa Uhuru Park, Kibaki akiapishwa kumrithi Moi. Wewe mama yako alikukatalia, ukalia asubuhi nzima. Kibaki aliletwa kwa kiti cha magurudumu, mguu umefungwa plasta kwa ile ajali ya barabarani. Moi alipofika, watu wakaanza kurusha matope. Nami nikainama nikachota. Nakumbuka ubaridi wake na nyasi zilizoshikana nalo. Nikarusha kwa nguvu zangu zote, lisifike popote. Likamtua mgongoni mzee mmoja mbele yangu, mwenye koti la kijivu la kwenda kanisani, limepigwa pasi mpaka mikono ina mistari. Hakugeuka. Alilivua, akatoa leso, akapangusa polepole, akalikunja bitana nje, akalining'iniza mkononi na kuendelea kutazama jukwaa. Mimi nikajipenyeza nyuma ya watu kama mwizi wa kuku.

Kisha Kibaki akahutubu kwamba amerithi nchi iliyoharibiwa na miaka ya uongozi mbaya, na Moi yuko pale pale anasikia. Tulishangilia, wee! Ilhali huyo Kibaki alikuwa makamu wake Moi tangu 1978 hadi 1988.

Lakini ngoja. Miaka 24 ya Moi madarakani si mchezo, na hali aliyorudi nayo baba yako mdogo unaijua. Angepigiwa vigelegele kweli? Labda lile tope lilikuwa haki yake. Labda. Lile koti ndilo halikuwa na hatia, na kila nikitaka kujitetea naliona.

Tena wenyewe walikuja kupatana kabla sisi hatujanawa mikono. Mwaka 2003 ikatungwa sheria ya marupurupu ya rais mstaafu, ikimtaka pia asishike cheo cha chama zaidi ya miezi sita baada ya kuondoka. Mwaka 2007 Kibaki akamteua Moi mjumbe wa amani Sudan, na Moi naye akampigia debe uchaguzi wa mwaka huo. Nani aliniuliza mimi?

Sasa hawa wako. Kasarani, 13 Septemba 2022, niliwatazama kwenye runinga wakikabidhiana upanga na katiba, nikasema haya, angalau safari hii hakuna tope. Ruto akaja kufika Ichaweri, nyumbani kwa Uhuru, Desemba 2024. Miaka miwili na zaidi! Ndiyo maana nasema anayetoka husindikizwa, na mapema. Ingawa Uhuru naye 2022 alimuunga mkono Raila akamwacha Ruto, naibu wake mwenyewe, kwa hiyo hata hapo sijui nani alistahili kumwendea mwenzake kwanza.

Kuhusu kunyamaza, jibu ninalo, tena liko hapa mdomoni. Mama yako amenikataza kuliandika. Ukija Pasaka nitakwambia, akishaenda kukama.

Baba yako